Udhaifu Unaorudi Miaka Mingi Baada ya Kiharusi

Mtu alipata kiharusi miaka saba au kumi iliyopita. Akajifunza upya kusimama, kushika kijiko na kuvuka barabara, akarudi katika shughuli zake. Kisha mguu uleule ukaanza kuburuzika tena. Mkono uliokwisha kuzoea kazi unaangusha kikombe. Saa nne asubuhi, kabla hajafanya lolote la maana, anataka kulala. Akienda kliniki hupimwa presha, hupewa dawa za mwezi, na akiuliza habari za mguu huambiwa kwamba ndivyo kiharusi kilivyo, au kwamba umri umesogea. Nyumbani nako husikia mengine: amejilegeza, amezoea kuhudumiwa, mbona mwaka jana alikuwa anafika sokoni mwenyewe?

Majibu hayo hayatoshi, na mara nyingi si ya kweli. Udhaifu unaorudi una sababu. Sababu zenyewe zinajulikana, na nyingi zinatibika au zinapunguzika. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mgonjwa na kuzitafuta.

Kwetu suala hili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kati ya 2003 na 2006 watafiti waliwasaka wagonjwa wa kiharusi katika jamii, wilayani Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam, nchini Tanzania, badala ya kungoja wafike hospitali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Tofauti za umri zilipokwisha kusawazishwa, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takriban 109 katika kila watu 100,000 huko Hai, na takriban 316 Dar es Salaam, kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri. Tena Afrika kiharusi humwangukia mtu akiwa na umri mdogo kuliko Ulaya. Aliyenusurika akiwa na miaka 48 ana watoto wa kusomesha na pengine miaka ishirini au thelathini ya kuishi na upande mmoja uliolegea. Mafunzo mengi ya afya humwacha mlangoni mwa wodi, siku anayoruhusiwa kurudi nyumbani.

Cha kuuliza kwanza ni kasi: udhaifu umekuja ghafla, au umenyemelea?

Ukija ghafla, kwa dakika au saa chache, mgonjwa achukuliwe kuwa amepata kiharusi kipya mpaka hospitali ithibitishe vinginevyo. Aliyewahi kukipata yumo hatarini. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zinaonyesha kwamba karibu mmoja kati ya kumi hupata kingine ndani ya mwaka wa kwanza, mmoja kati ya wanne ndani ya miaka mitano, na karibu wanne kati ya kumi ndani ya miaka kumi. Uso ukipinda, mkono ukishuka wenyewe unapoinuliwa, maneno yakivurugika, safari ni ya hospitali, usiku huohuo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hospitali zenye uwezo wa kuitoa ni chache katika ukanda wetu, lakini hata pasipo dawa hiyo kuwahi kuna faida, kwa kuwa kipimo cha CT ndicho kinachotofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha, hata daktari. Kwa hiyo kumpa mgonjwa aspirini nyumbani ni kubahatisha na maisha yake: kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inazidisha kuvuja. Kumwongezea vidonge vya presha nako ni hatari, maana presha ikiporomoka ghafla ubongo uliokwisha kujeruhiwa hukosa damu.

Hata hivyo si kila udhaifu wa ghafla ni kiharusi kipya, na hapa ndipo wagonjwa wengi wa zamani wanapohangaika bila maelezo. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya Massachusetts General, mjini Boston, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa ambao dalili zao za kale ziliwarudia ghafla bila picha ya ubongo kuonyesha jeraha jipya. Kwa wengi dalili ziliondoka ndani ya siku moja hivi. Walipotafuta kilichozifufua, walikuta maambukizi, presha kushuka, sodiamu kupungua katika damu, kukosa usingizi na mfadhaiko, pamoja na dawa za kutuliza za jamii ya diazepam.

Sababu inaeleweka ukijua namna ubongo ulivyopona. Sehemu iliyokufa haikuota upya. Sehemu jirani zilijifunza kufanya kazi yake. Ni kama daraja la barabara kuu likisombwa na mafuriko, magari yakapitishwa njia ya mchepuko ndani ya vijiji. Kiangazi kizima magari yanapita na watu wanasahau kwamba daraja halipo. Mvua ikinyesha siku mbili, njia inajaa matope na msafara mzima unasimama. Kwa ubongo wa namna hiyo mvua ni homa ya malaria, ni kichomi, ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni mwili kukaukiwa maji.

Maambukizi ya njia ya mkojo yanastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa katika nyumba zetu yana chanzo ambacho hakiandikwi kwenye kadi ya kliniki. Fikiria choo cha kuchuchumaa. Mtu mwenye upande mmoja dhaifu lazima ashike ukuta kwa mkono mzima, ajishushe kwa mguu mmoja wenye nguvu, asawazishe mwili juu ya sakafu iliyolowa, kisha ainuke bila kushikwa. Usiku, choo kikiwa uani, kazi ni ngumu zaidi. Akishaanguka mara moja, au akichoka kumwamsha mke au binti yake, anaanza kuepuka maji: chai nusu kikombe, baada ya magharibi hanywi kitu. Vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo anaviruka siku ya safari. Mkojo unakuwa mchache na mzito, bakteria wanapata nafasi, na mtu mzima mara nyingine hasikii hata maumivu wakati wa kukojoa. Dalili ya kwanza ni mguu kulegea na akili kuchanganyika. Familia inasema kiharusi kimerudi. Kiti cha mbao chenye tundu kikiwekwa juu ya choo, na bomba au mti imara ukipigiliwa ukutani wa kushikia, huenda vikamkinga mgonjwa wa namna hii kuliko nyongeza yoyote ya vidonge.

Sukari nayo ina hila yake. Mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini kisha akachelewa kula anaweza kulegea upande mmoja kwa sura ileile ya kiharusi, na akipewa sukari akarejea. Mwezi wa Ramadhani jambo hili huonekana zaidi kwa wagonjwa wanaofunga bila kumweleza daktari wala kupangiwa upya nyakati za dawa. Sheria ya dini imemwekea mgonjwa ruhusa. Anachohitaji ni kuzungumza na daktari na shehe wake kabla mwezi haujaandama.

Sababu nyingine ya ghafla ni kifafa kinachotokana na kovu la ubongo. Robert Bentley Todd, tabibu wa London, alieleza mwaka 1849 kwamba baada ya degedege kiungo kinaweza kupooza kwa muda na kisha kurudi. Mtu akipatwa na degedege usingizini bila shahidi, akaamka na mkono usioinuka, ni rahisi kudhani amepata kiharusi kingine. Kitanda kilicholoa mkojo na ulimi uliong'atwa ni habari muhimu kwa daktari, naye mara nyingi haambiwi kwa sababu ya aibu.

Sasa tuje kwa udhaifu unaonyemelea, ambao ndio wa wengi.

Kwa miaka mingi wagonjwa walielezwa kwamba nguvu hurudi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kisha hali hutulia pale ilipofika. Nusu ya kwanza ni sahihi. Nusu ya pili imepingwa. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa Uingereza, Ubelgiji, Uswisi na Ujerumani walichapisha mwaka 2015 kwamba, kwa wastani, wagonjwa walipata nafuu hadi mwezi wa sita, kisha wakarudi nyuma, na kufikia mwaka wa tano uwezo wao ulikuwa sawa na ule wa mwezi wa pili. Kabla ya hapo, mwaka 2009, utafiti wa kaskazini mwa Manhattan, New York, ulionyesha kwamba idadi ya waliojitegemea ilipungua mwaka hadi mwaka hata miongoni mwa wasiopata kiharusi kingine. Waliorudi nyuma zaidi walikuwa wasio na bima au wenye bima ya serikali ya watu maskini. Ubongo wa tajiri na wa maskini huumia namna moja. Huduma wanazopata baadaye ndizo zinazotofautiana.

Kwa nini mtu arudi nyuma? Misuli isiyotumika husinyaa, na ile ya upande ulioathirika huingiliwa na mafuta na kupoteza ustahimilivu. Mikunjo ya kiwiko, vidole na kifundo cha mguu hukakamaa kidogokidogo. Kisigino kikianza kuinuka, kila hatua inadai nguvu za ziada kutoka nyongani. Bega linalouma linamfanya mtu auache mkono. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba kiungo kinaweza kusahaulika kwa mazoea: mgonjwa alijaribu mapema akashindwa, akajifunza kutumia mkono mmoja, na hata njia za neva ziliporudi hakujaribu tena. Kwetu mazoea hayo husaidiwa na upendo. Mama akipikiwa, akivuliwa viatu, akikatiwa nyama, wanawe wanaona wametimiza wajibu wao, na kweli wameutimiza kwa moyo safi. Lakini mkono ule ulikuwa unahitaji kuchambua mchele na kukunja nguo ili ubaki mkono.

Wakati huohuo umri unapita. Kila mtu hupoteza misuli na ustahimilivu kadiri anavyozeeka, ila aliyepata kiharusi huanza safari hiyo akiwa na akiba ndogo. Vipimo vya uwezo wa mwili kutumia oksijeni huonyesha kwamba wengi wao wana karibu nusu ya uwezo wa wenzao wa umri uleule. Na kutembea kwa mguu unaochechemea hula nguvu nyingi kuliko mwendo wa kawaida. Mtazame anayepanda daladala: anashika chuma kwa mkono mmoja, anautupa mwili mbele, anauvuta mguu wa pili kwa nguvu za kiuno huku konda akigonga bodi na gari limeshaanza kusogea. Akifika kiti amemaliza nguvu ambazo jirani yake atazitumia mpaka adhuhuri.

Hilo linatuleta kwenye uchovu, na hapa nataka kukaa, kwa sababu ndiyo shida inayodharauliwa kuliko zote. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinakadiria kwamba karibu nusu ya walionusurika kiharusi wana uchovu huu. Haufanani na uchovu wa kazi. Unaweza kuja baada ya mazungumzo ya nusu saa sebuleni, hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja, na humpata hata yule ambaye mkono na mguu wake vimepona.

Aliyeueleza vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Alf Brodal wa Norway. Alikuwa bingwa wa anatomia ya ubongo, na mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 62, kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Mwaka uliofuata aliandika katika jarida la Brain yale aliyoyaona mwilini mwake, akijiita mgonjwa. Alieleza kwamba kuusogeza msuli uliopooza kulidai juhudi ya akili, ya kukusudia hasa, kana kwamba kila tendo dogo linahitaji amri mpya, na kwamba juhudi hiyo ndiyo iliyomchosha. Aliandika pia juu ya kufunga tai yake ya kipepeo, kitu alichokifanya miaka yote bila kufikiri: vidole vilikuwa dhaifu, naam, lakini zaidi ya hapo vilikuwa kama havijui hatua inayofuata. Umakini wake nao ulipungua. Hata mwandiko wa mkono wa kulia, ambao haukupooza, ulibadilika. Somo lake kubwa ni kwamba jeraha la sehemu moja ya ubongo huubebesha ubongo wote gharama. Watafiti wa London wameendelea na swali hili katika miaka ya karibuni, na mojawapo ya maelezo yao ni kwamba ubongo uliojeruhiwa hushindwa kufifisha hisia ya juhudi, kiasi kwamba kuinua kikombe kunahisiwa kama kuinua ndoo.

Kwa hiyo anayemwita mgonjwa huyu mvivu anamkosea kwa jambo lenye ushahidi.

Lakini kusema uchovu unatoka kwenye ubongo kusiwe kisingizio kipya cha kutopima. Chini yake hujificha mengi yanayotibika. Theluthi moja hivi ya wagonjwa wa kiharusi hupata sonona, nayo kwetu huonekana kama kunyamaza, kukataa wageni na kukosa hamu ya chakula. Zaidi ya nusu hukatika pumzi wakiwa usingizini. Mke ndiye anayejua, kwa kuwa ndiye anayesikia mkoromo ukisita na kuanza tena. Upungufu wa damu, tezi ya shingo iliyolegea, na ukosefu wa vitamini B12, ambao metformini ya muda mrefu inaweza kuuleta, vyote huchosha na kudhoofisha.

Na kuna mfuko wa dawa. Miaka kumi baada ya kiharusi mtu anameza vidonge vilivyoandikwa na madaktari wanne waliopokezana, na hakuna aliyewahi kuvimwaga mezani vyote pamoja. Haidroklorothiazidi na furosemidi hushusha potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli hulegea. Karbamazepini hushusha sodiamu. Atenololi na propranololi hupunguza kasi ya moyo na kuwachosha baadhi ya watu. Baklofeni, iliyotolewa kulegeza ukakamavu, ikizidi inalegeza na nguvu. Fenobabitoni huleta usingizi. Statini huwaumiza misuli wachache. Hakuna hata moja ya kuachwa kiholela, kwani kuacha dawa ya presha au ya kifafa ghafla kunaweza kuleta janga. Ila kila moja ina haki ya kuulizwa: bado inahitajika, na kwa kiasi hiki?

Je, nguvu zilizopotea zinaweza kurudi baada ya miaka? Ndiyo, kwa kiasi, na kwa jasho. Kliniki ya Queen Square, London, ilichapisha mwaka 2019 matokeo ya wagonjwa 224 waliofanyishwa mazoezi ya mkono kwa saa 90 ndani ya wiki tatu. Nusu yao walikuwa na zaidi ya miezi 18 tangu kiharusi, kipindi ambacho zamani kilihesabiwa kuwa mlango umefungwa. Walipata nafuu, na miezi sita baadaye nafuu hiyo ilikuwapo. Ile hofu ya zamani kwamba mazoezi ya kuongeza nguvu huzidisha ukakamavu haikuthibitishwa na tafiti. Saa 90 hazipatikani katika hospitali ya wilaya, najua. Lakini kanuni yake inapatikana: marudio mengi ya tendo lenye maana, kila siku, kwa uzito unaoongezeka polepole. Kuinuka kitini bila kushika mara kumi, asubuhi na jioni. Kutembea hadi kwa jirani wa tatu, wiki ijayo wa nne. Kukamua nguo kwa mikono yote miwili.

Mwenye uchovu mzito apange siku yake kabla haijampangia. Kazi ngumu iwekwe saa ambazo mwili una nguvu, mapumziko mafupi yatangulie kuishiwa, na shughuli mbili nzito, tuseme kliniki na msiba, zisiwe siku moja. Wengi hukosea kwa kufanya kila kitu siku wanayojisikia vizuri, kisha wanalala siku tatu, na katika siku hizo tatu misuli inapungua tena. Fimbo si aibu. Nguvu inayookolewa kwenye mguu inabaki kwa ajili ya mazungumzo ya jioni na wajukuu.

Kuna la familia ambalo sitaki kulipita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha Dar es Salaam na Hai, ukakuta kwamba mjini wengi walikihusisha kiharusi na majini na uchawi, ilhali vijijini Hai walitaja zaidi sababu za kimwili. Udhaifu ukirudi baada ya miaka, tuhuma za mwanzo hufufuka nazo: nani amefanya, jirani yupi, mke mwenza yupi. Pesa ya kipimo inaenda kwa mganga, na nyumba inagawanyika wakati mgonjwa anamhitaji kila mmoja. Wanaotaka dua wasome dua. Lakini damu ipimwe asubuhi hiyohiyo.

Lawama iliyo nzito zaidi naiweka kwenye mpangilio wa huduma. Kliniki inampima mtu presha na kumwandikia dawa, lakini hakuna anayemwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, ainue mikono yote miwili, na kulinganisha na mwaka jana. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na wamejaa mijini. Tanzania na Kenya zote zilipitisha sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha huduma waandike humo uchunguzi wa mara moja kwa mwaka kwa kila aliyewahi kupata kiharusi: mwendo, mkono, usingizi, moyo wake, dawa zake, na awamu mpya ya mazoezi pale nguvu zinapopungua. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kuvunjika nyonga au kiharusi cha pili.

Mpaka hilo litakapokuwapo, msomaji, wewe ndiye mwenye kumbukumbu za mwili wako au wa mzazi wako. Andika lini udhaifu ulianza, ulikuja kwa kasi gani, uchovu unabana saa ngapi. Weka dawa zote kwenye mfuko mmoja uende nazo, zikiwemo za duka la dawa na za miti shamba. Omba presha ipimwe ukiwa umekaa na ukiwa umesimama, sukari, wingi wa damu, sodiamu, potasiamu na mkojo. Ukiambiwa ndivyo kiharusi kilivyo, uliza kwa heshima ni kipimo gani kimeonyesha hivyo, kisha omba barua ya kwenda fiziotherapia, hata kama kiharusi chako kina miaka kumi.